Mchele wa Kamera

Lori lilikuwa limekwisha kuondoka. Lilijongea polepole katika Mtaa wa Msimbazi, likikwepa mikokoteni na madimbwi ya mvua ya alfajiri. Juu ya magunia ya chumvi alikuwa ameketi Marcelino, kijana wa miaka ishirini na sita, miguu ikining'inia, mkebe mtupu wa biskuti ameupakata kama mama aliyepakata kichanga. Begani ilining'inia kamera. Mara akaruka chini. Dereva, aliyeitwa Abbasi, akapiga honi na kutoa kichwa dirishani.

"We Marcelino! Watu wanapanda, wewe unashuka?"

"Mchele, Abbasi! Nimesahau mchele! Wewe nenda tu, nitakukuta kwenye kona!"

Akatimua mbio mpaka dukani kwa dada yake, Clotilda, ambaye Kariakoo nzima ilimwita Mama Celina kwa jina la bintiye. Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa tatu, mwaka wa sabini na nne. Masika yalikuwa ndiyo kwanza yanabisha hodi. Mchele siku hizo ulikuwa adimu kama maziwa ya kuku, na mbele ya meza ya Clotilda wanawake saba walikuwa wamesimama foleni, vikapu mkononi.

"Dada, nipe kilo mbili za mchele mkavu! Mkavu hasa! Fundi Hashil kasema bila mchele mkavu kamera hairudi nzima kutoka Rufiji."

Kopo la kuchotea likasita mkononi mwa Clotilda. "Ngoja basi nikaangalie kule ndani, kuna..."

"Ndani kuna nini? Huu hapa si mchele? Lori linaniacha, dada!"

Mwanamke mmoja katika foleni, Scholastika, mdomo wake ukiwa hauna kufuli, akadakia. "Mpe mdogo wako huo huo, Mama Celina. Au huu wa kutuuzia sisi haufai hata kulinda kamera?"

Foleni nzima ikacheka. Clotilda naye akacheka, kicheko cha jino pembe. Akachota kopo la kwanza, la pili, mpaka mfuko wa kitambaa alioshika Marcelino ukavimba.

"Mkavu?" Marcelino akauliza, mguu mmoja ukiwa tayari nje.

"Mkavu. Nenda."

Akaenda. Clotilda alimsikia akipiga mluzi mpaka kwenye kona, kisha akasikia injini ya lori ikibadilisha sauti, kisha hakusikia tena.

Mchele ule haukuwa mkavu. Ulikuwa umenyweshwa chai. Hivyo ndivyo baadhi ya wenye maduka walivyosema wenyewe kwa wenyewe, wakikonyezana, ingawa chai yenyewe ilikuwa maji ya bomba. Baada ya kufunga mlango, mchele ulimwagwa juu ya turubai, ufagio wa chelewa ukachovywa ndooni na kunyunyiza, koleo likageuza, kisha magunia yakafunika. Kulipokucha mchele ulikuwa umeyanywa maji yote. Ukiushika, ulionekana mkavu. Ukiuweka kwenye mizani, ulikuwa na uzito usio wake. Clotilda aliianza kazi hiyo miaka miwili nyuma, mumewe alipofariki na duka likamwangukia peke yake. Hakumwambia mtu. Hata kwenye kitubio alipita kando kando: nimesema uongo mdogo mdogo, Padri.

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Vijana wakiisikia methali hii hulisikia neno moja tu, wakacheka, wakaiacha maana njiani. Maana yake si ya kuchekwa. Mwenye shida akiifunika kwa aibu mbele ya yule yule awezaye kumsaidia, basi shida itabaki kwake, na dawa itabaki kwa mwenye dawa. Clotilda alifundishwa methali hiyo tangu shule ya misheni kule Kibosho, akaiandika kwa mwandiko mzuri, akapewa alama zote. Lakini kuijua methali si sawa na kukutana nayo.

Kamera ile haikuwa ya Marcelino. Ilikuwa ya Bi Mauza, mjane wa marehemu Humoud, aliyekuwa na studio ya picha katika Mtaa wa Sikukuu. Ilikuwa kamera ya Kijerumani ya macho mawili, moja juu ya jingine: kwa jicho la juu mpiga picha hutazama, kwa jicho la chini picha hupigwa. Kamera kama ile, miaka ile, ukiipoteza umeipoteza. Fedha za kigeni zilikuwa hazipatikani, na maduka ya Posta yaliyokuwa na kamera madirishani sasa yalipanga makopo ya rangi.

Bi Mauza alikuwa ameweka mambo wazi, na Clotilda alikuwapo akisikia. "Mwanangu Marcelino," alisema, "nenda vijiji vipya vya Rufiji. Watu wamehamia, wamejenga, wanataka picha za familia mbele ya nyumba zao, na mpiga picha hawana. Ukinirudishia kamera nzima na picha safi, studio tutaiendesha wewe na mimi. Ukiniharibia, mimi nafunga mlango na kwenda Tabora kwa kaka yangu. Sina umri wa kuanza upya."

Neno hilo lilikuwa zito kwa Clotilda kuliko kwa Marcelino mwenyewe. Mdogo wake alikuwa na upele wa safari miguuni. Alikuwa amekwisha kuwa tingo wa lori, muuza magazeti, karani wa ghala, mpishi wa meli kwa wiki tatu. Kila kazi aliianza kwa wimbo na kuiacha kwa mluzi. Kamera ilikuwa kitu cha kwanza kumkalisha kitako. Studio ile ilikuwa kigingi, na Clotilda aliitaka kamba ifungwe.

Jumatatu mvua ilinyesha kutwa. Clotilda hakukaa. Aliinuka kufuta mizani iliyokuwa safi, akaketi, akainuka kupanga maboksi ya sabuni, akaketi, akatoka barazani kutazama mawingu yalikokuwa yakielekea. Yalikuwa yakielekea kusini. Akajiambia, mchele ni mchele tu. Maji kidogo yatafanya nini? Kisha akajiuliza kwa nini basi moyo unamdunda kama kinu.

Jumanne akaichukua saa yake ya ukutani, akaifunga katika kanga, akaenda nayo kwa Fundi Hashil. Mzee huyo alikuwa na kibanda katika Mtaa wa Swahili, akitengeneza saa, redio na kamera, miwani miwili puani, mmoja juu ya mwingine. Kwenye benchi lake la wateja alikuwa ameketi Bi Mauza, buibui lake limelowa pindo, akinywa kahawa.

"Shikamoo, fundi. Shikamoo, Bi Mauza."

"Marahaba, mwanangu," wakajibu wote wawili.

Hashil aliifungua saa, akaisikiliza, akaitazama, akaitazama na ya kwake. "Mama Celina, hii saa ina nini?"

"Inachelewa."

"Inachelewa kwenda wapi? Iko sawasawa na yangu."

Bi Mauza akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Clotilda akasema labda ni mvua, akaketi ukingoni mwa benchi, akauliza kana kwamba anauliza habari za nchi nyingine: "Fundi, hivi huo mchele uliomwagiza Marcelino, unaisaidia nini kamera?"

Mzee alipenda kuulizwa. Akaweka bisibisi chini. "Adui wa kamera si mvua, mwanangu. Mvua unaiona, unafunika kwa nailoni, imekwisha. Adui ni unyevu, ambao huuoni. Unaingia ndani ya jicho, katikati ya vioo, hapo kuvu inaota. Inaanza kama uzi wa buibui. Sasa mchele mkavu ukiuweka ndani ya mkebe pamoja na kamera, mchele unaunywa ule unyevu, kamera inabaki salama. Nimemwambia pia kila jua likitoka aufungue mkebe, kamera ivute pumzi. Na akiona uzi mweupe, hata mmoja, ampe Abbasi aniletee. Uzi wa wiki moja naufuta kwa asubuhi moja."

"Na huo mchele ukiwa na maji?"

"Mchele uliokwisha kunywa utakunywa nini tena?" Hashil akasema. "Huo utaanza kutapika. Mkebe umefungwa, jua linaupiga kwa nje, ndani giza, joto, unyevu. Kuvu itafanya harusi humo, na ngoma itapigwa! Bora uitupe kamera mtoni, ujue moja."

Clotilda akafungua kinywa. Maneno yalikuwa yamekwisha kufika kooni, yamejipanga. Abbasi alikuwa anarudi Alhamisi na kuondoka tena Jumamosi. Neno moja tu lingetosha, na mzee huyu angeandika kikaratasi. Lakini Bi Mauza akatangulia.

"Ndiyo maana nashukuru mchele umetoka kwa dada yake," alisema, akampiga Clotilda kofi la upendo gotini. "Mji huu umejaa wezi, nasikia wengine wanaulowesha mchele usiku upate uzito. Mtu anamlowesha mwenzake mchele, atakufa kifo gani huyo?"

"Sijui, Bi Mauza," Clotilda akajibu. Akafumba kinywa, akachukua saa yake nzima, akaenda zake.

Njiani hakupita njia ya kawaida. Alizunguka mpaka kwenye jengo jipya la soko, lililokuwa bado limezungukwa na mbao za mafundi, akazunguka tena, akafika dukani amelowa chapachapa na saa ikigonga ndani ya kanga. Siku hiyo aliacha kunywesha mchele chai. Lakini kuacha ni kazi ya miguu, na kusema ni kazi ya kinywa, na kinywa chake kilikuwa kimefungwa kwa gundi.

Akatafuta njia ya katikati. Alitoa mchele ambao haukuguswa na maji, gunia lililokuwa kule ndani, akauanika uani juu ya mkeka. Kazi hiyo ilimtoa jasho siku tatu. Jua likichungulia anautandaza. Wingu likikohoa anaukusanya. Wateja walimwita akiwa uani, akaingia. Tone likadondoka, akatoka. Mara moja alimwacha mtu mbele ya mizani, kopo mkononi, akakimbia kuokoa mchele, na yule mteja akamwambia, "Mama Celina, kama una kuku anayetaga huko nyuma, sema tukusubiri." Jioni ya Ijumaa aliukaanga kidogo kwenye sufuria kavu mpaka ukalia, akaupoza, akaufunga katika kitambaa cheupe. Ulikuwa mkavu kama kokoto.

Jumamosi asubuhi akampelekea Abbasi kwenye lori.

"Mpe Marcelino. Mwambie huu ndio mzuri zaidi."

"Mzuri zaidi kwa nini?"

"Mwambie tu."

Abbasi alikuwa mtu mnene wa maneno mengi. Akaupima mfuko kwa mkono. "Mama Celina, ujumbe usio na sababu ni kama barua isiyo na stempu. Utafika, lakini utaleta maswali."

"Abbasi, mimi na wewe tumekuwa wagomvi tangu lini? Peleka."

Akapeleka. Siku tano zile Clotilda alihesabu si siku bali magari. Kila lori lililopita Msimbazi likiwa na tope jekundu lilimtoa nyuma ya meza. Alhamisi saa nane mchana Abbasi akasimama mlangoni, anatabasamu mpaka masikioni.

"Kasema asante sana! Tumeupika."

"Mmefanya nini?"

"Tumeupika, mama! Kwa kambale wa Rufiji, wa kukaanga. Wali wako unaachana chembe chembe, utadhani ulihesabiwa. Marcelino kasema, dada yangu kanihurumia njaa."

Clotilda akashika meza. "Na ule wa kwanza?"

"Uko mkebeni, unalinda kamera. Kwani vipi?"

"Na kamera?"

"Nimemuuliza, maana Fundi Hashil kanipa kazi ya kuuliza. Kasema nzima kama chuma."

Hapo nafasi ilikuwa imesimama mbele yake, ina miguu miwili na kofia ya udereva. Angesema: Abbasi, mchele wa kwanza una maji, mwambie autupe leo. Maneno kumi hayafiki. Lakini dukani walikuwapo wateja wawili, na mmoja alikuwa Scholastika, aliyekuwa ameinua shingo kama bata. Clotilda akasema, "Vizuri. Mungu mkubwa." Chuma nacho hushika kutu, aliliwaza hilo baadaye, Abbasi alipokuwa amekwisha kwenda.

Mwezi wa nne mto ulifura, barabara ikakatika, lori likakaa wiki mbili bila kupita. Lilipopita, jibu lilikuwa lile lile: nzima kama chuma. Lilipopita tena, nzima kama chuma. Clotilda alilishika jibu hilo kama mfa maji anavyoshika unyasi. Kama Marcelino anasema nzima, basi nzima. Labda Hashil amezidisha chumvi. Labda mchele ulijikausha wenyewe. Usiku alilala, mchana hakutulia, na wateja wakaanza kusema Mama Celina amepata ugonjwa wa kutembea.

Marcelino alirudi mwishoni mwa mwezi wa tano. Alikuwa amekonda, ameungua jua, anacheka kwa sauti kubwa kupita mzaha wenyewe. Alimkumbatia dada yake, akamletea embe kavu, akasema kazi ilikuwa nzuri, filamu thelathini, familia baada ya familia. Kisha akajifungia studio kwenye chumba cha giza kusafisha picha.

Siku ya kwanza hakutoka. Siku ya pili Clotilda alienda kubisha, akakuta kufuli. Jirani akasema amemwona akielekea Posta. Clotilda akaenda Posta, akapita mtaa kwa mtaa akichungulia maduka. Mwenye duka moja akasema ndiyo, kijana mmoja alikuja kuuliza kama lenzi za Kijerumani zinapatikana, akaondoka. Kesho yake akasikia yuko Buguruni. Akaacha duka kwa bintiye, akaenda Buguruni, akaambiwa katoka sasa hivi. Mji mzima ulikuwa kama umekuwa uwanja wa kufukuzana, na yeye hakujua vyema anamfukuza mdogo wake au anaikimbia ile habari atakayompa. Jioni aliporudi, miguu imevimba, alikuta mlango wa studio wazi na Marcelino hayupo. Kwenye kamba picha zilining'inia.

Akaingia. Kwenye picha za mwanzo nyuso zilikuwa safi: mzee na fimbo yake, mama na watoto wanne, nyumba mpya nyuma yao, unaweza kuhesabu miti ya ukuta. Zilizofuata zilikuwa na utando. Zile za mwisho, watu wote walisimama kama wamo ndani ya moshi, na bibi mmoja aliyevaa kanga mpya kwa ajili ya picha hakuwa na uso.

Clotilda alizitazama, akatoka, hakumwambia mtu.

Asubuhi iliyofuata mvua ya manyunyu ilikuwa ikianguka, foleni ikiwa mlangoni, Scholastika akaingia akipunga mkono.

"Mama Celina, umesikia mkasa wa mdogo wako? Kamera imekufa! Marcelino anasema Abbasi aliivusha mtoni hovyo, maji yakaingia. Mwenye lori kakasirika, anasema Abbasi hashiki usukani wake tena. Wako kwa Fundi Hashil sasa hivi, wamempeleka Abbasi ajibu. Na watoto wake saba, masikini!"

Clotilda aliweka kopo chini. Aliacha mizani na mzigo juu yake, mchele wa watu umepimwa nusu, akatoka nje na kutembea kwenye mvua bila mwavuli. Scholastika alimfuata, kikapu kichwani, na wengine watatu wakamfuata Scholastika, kwa sababu watu wa mjini wakimwona mwenye duka akiacha duka wazi, hujua huko aendako kuna kitu.

Kibandani kwa Hashil hapakuwa na nafasi ya kutema mate. Bi Mauza alikuwa kwenye benchi, ameinamisha kichwa. Marcelino alisimama akitazama barabarani. Abbasi alikuwa akiapa kwa Kurani na kwa kaburi la mama yake.

"Mkebe ulikuwa kitini kwangu! Kwenye kivuko mimi ndiye niliyekaa juu ya magunia! Maji yameingia kwa njia gani, kwa telegramu?"

"Labda ulipokuwa huoni," Marcelino akasema kwa sauti ndogo.

"Abbasi hana kosa," Clotilda akasema.

Wote wakageuka. Maji yalikuwa yakimchuruzika usoni.

"Hana kosa. Mchele niliompa Marcelino siku ile ulikuwa na maji. Niliulowesha mwenyewe, upate uzito. Nilijua wakati ninampa. Na siku ile nilipokuja na saa, fundi, nilikuja kukuambia hivyo, nikashindwa."

Kisha Scholastika, nyuma kabisa: "Na ule wetu sisi je?"

"Na wenu pia. Miaka miwili."

"Yesu na Maria!" akasema Scholastika, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuongeza neno.

Marcelino alikuwa amepata uso wa mtu aliyefunguliwa kamba. "Dada! Kumbe ni wewe? Umeniua kwa mkono wako! Studio yangu, kazi yangu, yote..."

"Taratibu, bwana mdogo," Hashil akamkata. Alikuwa amelifungua jicho la chini la kamera. Vioo vyake vilikuwa juu ya kitambaa cheusi, vinang'aa kama machozi. "Mimi nimezitazama picha zako. Filamu mbili za kwanza ni safi. Ya tatu ina uzi. Ulipobadilisha filamu hukulitazama jicho kwa nyuma, kama nilivyokufundisha?"

Marcelino akageukia tena barabarani.

"Nakuuliza. Uliuona lini?"

"Wiki ya kwanza."

"Nilikuambia nini?"

"Nimpe Abbasi."

"Nimepita mara nne!" Abbasi akalipuka. "Mara nne namuuliza, kamera vipi? Nzima kama chuma! Na wali wangu unakula!"

"Niliogopa," Marcelino akasema. Sasa sauti yake ilikuwa ya mtoto wa Kibosho, si ya mtu wa safari. "Kama ningeirudisha wiki ya kwanza, Bi Mauza angesema nimeshindwa. Angempa mtu mwingine. Nikasema nitapiga haraka haraka nimalize kabla haijaenea."

Hashil alikichukua kioo kimoja kwa kibano, akakiinua kwenye mwanga wa mlango. "Kuvu nimeitoa," alisema. "Nimeifuta yote, angalieni, kimetakata. Lakini ilikuwa imekula kioo chenyewe. Mdudu nimemtoa, njia zake zimebaki. Mikwaruzo hii haifutiki, na kioo cha namna hii nchi hii hakipo."

Bi Mauza aliinua kichwa. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililowachoma wote wawili.

"Siku ile ya saa nilikuwa nimekaa hapo hapo ulipokaa," alimwambia Clotilda. "Bega kwa bega. Ungeninong'oneza. Ningekuita mwizi, ndiyo. Ningekutukana mpaka jioni. Halafu tungemwandikia mtoto kikaratasi." Akamgeukia Marcelino. "Na wewe ungetuma kamera. Ningenung'unika siku mbili, Hashil angeifuta, ningekurudishia. Ningempa nani mwingine? Nina nani?"

Akajifunga buibui, akampa Abbasi mkono wa kuomba radhi, akatoka.

Bi Mauza alifunga studio mwezi wa saba, akapanda treni kwenda Tabora kwa kaka yake, akafia huko miaka sita baadaye. Kamera ilinunuliwa na bwana mmoja wa Upanga aliyeiweka kabatini kuwa pambo la sebule. Familia za filamu mbili za kwanza zilipelekewa picha zao na Abbasi. Familia nyingine hazikupata. Abbasi alirudishiwa usukani siku ile ile na akaendesha lori hilo mpaka injini ilipokufa, kisha akafungua gereji Buguruni. Fundi Hashil aliendelea na saa na redio. Kamera hakupokea tena. Wateja wa Clotilda walimkimbia, duka likafungwa miezi minne, likafunguliwa tena likiwa dogo. Scholastika alikuwa wa kwanza kurudi, na tangu siku hiyo aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko ndani ya kila gunia kabla ya kununua, na Clotilda hakuwahi kumzuia. Marcelino alikwenda Mwanza, akatoka Mwanza akaenda Mbeya, na barua yake ya mwisho ilitoka Songea, ikisema amepata kazi ya ghala na anafikiria kuhama.

Fundi alikuwapo, lori lilikuwapo, asubuhi moja ya kufuta uzi ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kusema. Mficha uchi hazai.